Mama Raisa na Kifungo cha Foni

Zena binti Asmani alikuwa na mdomo unaojua kazi. Sokoni Rumonge walisema akikutajia sabuni yake mara mbili, ya tatu unajikuta umeibeba, na hata hukumbuki kama una nguo chafu. Aliipika mwenyewe kwa mawese ya Kizuka, akaimwaga kwenye viunzi vya mbao, akaikata miche mirefu. Watu walimwita Mama Raisa, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Mwaka wa tisini na tisa vita vikaifunga barabara ya Bujumbura, na wateja wake wote wakubwa walikuwa huko. Miche ikajaa chumbani hadi watoto wakalala wamekunja miguu. Zena akaona wazi: sabuni hii isipovuka ziwa, pipa la kupikia litauzwa, naye atarudi kulima kwa kaka yake, jambo alilolichukia kupita kiasi.

Njia ya kuvuka ilianzia kwa Lukeba, Mkongomani mwenye foni, ile redio ya kuzungumzia inayokula betri ya gari. Kila siku saa tisa alasiri watu wa Rumonge na wa ng'ambo ya ziwa, Baraka na Kalemie, walikutana hewani. Mmoja akibonyeza kifungo anasema, wengine wote wanasikiliza, na mpaka aachie hakuna awezaye kuingia. Waliulizana nani amezaa, nani amefika, nani hajaonekana. Zena alisikia jambo moja tu: masikio mia, ya bure.

Siku ya tatu ya kukaa kwenye benchi la Lukeba akaomba kusalimia, akakishika kifungo kama anayeshika kuku wa sikukuu.

"Amahoro, ndugu zangu! Sabuni ya Rumonge iko! Povu yake, we acha tu!"

Akasifu povu, akasifu harufu, akarudi kwenye povu. Lukeba akamkonyeza, akakohoa, akamgonga bega. Wapi! Zena aliendelea mpaka taa nyekundu ya foni ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha.

Kesho yake ndipo walipojua. Muda wote ule Cikuru wa Baraka alikuwa akingoja kusema neno moja: mtumbwi wa Kabwe umefika salama. Na mama yake Kabwe, Benedicte, alikuwa amekaa palepale kwenye benchi la Lukeba, ubavuni mwa Zena, akilingoja neno hilo. Alirudi nyumbani bila habari, na majirani wakaanza kumletea mikeka ya msiba.

"Ule Mama Sabuni iko hapo?" Riziki wa Kalemie akauliza hewani. "Kama iko, sisi tunafunga."

Na wakafunga kweli, mmoja baada ya mwingine.

Zena aliona aibu, ile aibu inayochoma masikio. Akaenda kupiga magoti mlangoni kwa Benedicte.

"Mama Kabwe, unisamehe. Sikuangalia ni nani iko karibu yangu."

"Mutoto wangu iko muzima, basi," alijibu Benedicte. "Lakini sabuni yako mimi siijui. Mudomo wako ndio najua."

Tangu siku hiyo Zena alikaa kwenye benchi kimya, kazi ngumu kuliko kupika sabuni. Ujumbe wa mtu wa Kizuka ukija, aliupeleka kwa miguu; wa Kabonga aliwapa wauza samaki. Kila wiki alimuuliza Riziki kuhusu macho ya mama yake yaliyokuwa yakiumwa. Mwanzoni, tuseme ukweli, alijiambia kwamba akinyamaza vizuri watamuuliza habari za sabuni. Mwezi ukapita, hakuna aliyeuliza. Mwezi wa pili akasahau kungoja swali hilo, kwa kuwa alitaka sana kujua kama mapacha wa Cikuru wamepona surua. Chumbani miche ilikauka ikawa migumu kama matofali, na kaka yake akatuma jembe.

Basi akaja kuaga.

"Ndugu zangu, siku ya Jumatatu naenda kulima. Murakoze kwa yote. Riziki, mama asiache dawa ya macho. Nakuachia."

Kabla mtu hajajibu, Benedicte, ambaye hakuwahi kugusa kifungo maishani mwake, alikinyakua.

"Batu ya Baraka, batu ya Kalemie! Huyu mama iko na sabuni! Alinipatia muche mwezi uliopita, siku mujukuu yangu alizaliwa, nafua nayo mpaka leo, haiishi! Na povu yake sasa!"

Akasifu povu, akasifu harufu, akarudi kwenye povu. Lukeba aliitazama ile taa nyekundu, akacheka mpaka machozi.

"Mama Kabwe, achia kifungo!" Zena alipiga kelele. "Riziki leo alikuwa analeta habari ya mama yake! Achia!"

Benedicte akaachia, na sauti ya Riziki ikaingia mbio mbio.

"Mama anaona! Leo asubuhi ameniona, na neno lake la kwanza, ati nguo yangu iko chafu. Mama Raisa wetu, hiyo sabuni, mbona hukutuambia?"

Zena akabonyeza kifungo, akauliza, "Miche mingapi?" akaachia. Jumatatu jembe lilirudi kwa kaka yake, limefungwa pamoja na mche mmoja wa sabuni.