Likizo Niliyoimalizia kwa Mzee wa Watu

Mnacheka hata sijaanza. Haya, chekeni, kwa sababu hata mimi nikikumbuka nilivyosimama kwenye nyumba ya wenyewe huko Uingereza na nguo ya kulalia, mkono mmoja umemshika mzee wa watu kwa leso, mwingine umeshika meno yake ya bandia, natamani ardhi ipasuke niingie.

Mnajua vile nilikuwa nimechoka. Mnajua kazi yetu hii ya Marekani ya kuosha wazee kule Eden Prairie, shifti juu ya shifti, mpaka nikifika hapa Hopkins nalala ndani ya gari kwa sababu ngazi za nyumba zimenishinda. Nikapata likizo. Baba yangu yuko Kericho, miguu imekataa, hatembei tena, na kila mtu alidhani nitaenda nyumbani, lakini jameni, nyumbani si kupumzika, nyumbani ni wageni kutoka asubuhi na wewe uko jikoni, kwa hivyo nikampigia nikamwambia, Baba, mwaka huu niache niende mahali hakuna anayenijua. Akasema, "Pumzika, mama. Mimi nipo tu."

Nikakata tiketi ya Uingereza, kwenye vile vijiji vya kando ya ziwa, peke yangu, bila kikundi, bila mwenyeji. Rozi, huyu tunayefanya naye kazi, akaniuliza, "Ziwa? Minnesota yote hii ni maziwa, na wewe unapanda ndege kufuata maji?" Nikaendelea kupanga sanduku.

Basi, ndege, treni, halafu basi la abiria, na mvua inanyesha kama imetumwa. Mwenye gesti alikuwa ameniandikia kwa simu kwamba nikifika nisimkute, mlango wa kijani kando ya duka la mikate uko wazi, niingie, nipande juu, chumba ni cha kushoto. Mlango wa kijani nikauona. (Kumbe ilikuwa miwili, mmoja kila upande wa duka, lakini nani anachunguza milango na macho yanajifunga yenyewe?) Nikapiga hodi, kimya, nikausukuma ukafunguka, nikavua viatu, nikapanda, nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri sana, nikabadilisha nguo, nikalala hata sala sikumaliza.

Nikaamshwa na sauti ya mzee huko chini. "Kuna mtu? Nisaidieni!"

Mtu wa kawaida angefikiria kwanza. Mimi nilijifunga leso haraka, nikashuka mbio. Nikamkuta mzee mkubwa wa mwili anahangaika kuinuka kitini, suruali imelowa, nikasema moyoni, aha, mwenye gesti ameniachia babake akaenda zake. Nilikasirika, kweli nilikasirika, lakini mikono ilikuwa imeshaanza. Nikafungua leso nikamzungushia kiunoni, vile tunavyofanya na ule mkanda wa kazini wa kuinulia wazee, akasimama, nikampeleka bafuni nikamuosha, huku nalalamika kwa Kiswahili, "Hata huku mmenifuata!" naye anajibu kwa Kiingereza chake, "Asante, mpenzi."

Nilikuwa namrudisha kitini, meno yake nimetoka kuyasafisha, mlango ukafunguka. Mwanamke na mifuko ya sokoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mgeni wenu wa chumba cha juu."

"Chumba gani? Kile ni chumba cha marehemu mama yangu!"

Mifuko ikaanguka, mayai yakapasuka, akapiga ukemi, majirani wakajaa mlangoni, mmoja ameshika simu anaita polisi, na nyuma yao mwenye gesti na mwavuli wake, "Huyo ni mgeni wangu! Nimemngoja tangu mchana!" Na mimi na nguo ya kulalia. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha marehemu, aki, nilitaka kulia. Mzee, hana jino hata moja, akasema, "Mwacheni. Huyu anajua kazi."

Yule wa simu akaikata, polisi hawakuja. Yule binti wa mzee alitengeneza chai, akaketi kwenye ngazi, machozi yakamtoka. Tangu mama yake afe, mzee alikuwa anafukuza kila anayeletwa kumuosha. Akaniuliza kwa aibu, "Unaweza kupita kesho asubuhi? Kidogo tu?"

Mdomo wangu huu ukasema sawa.

Nilienda kila asubuhi mpaka likizo ikaisha, nikirudi gesti nalala, na ziwa nililiona kwa dirisha la bafu la yule mzee. Siku ya mwisho, nikimpangusa mgongo, akaniuliza, "Na babako, nani anamuosha?"

Nikamwambia kuna mtu tumemwajiri. Akainua mkono nimpanguse kwapa, nami nikashukuru kwamba hakuuona uso wangu.

Kwa hivyo, Rozi, picha za ziwa usiniulize, sina. Likizo ijayo tiketi nimeshakata, ni ya Kericho. Wageni waje tu, nitawapikia wote. Lakini kumwogesha Baba, hapo mtu asinisaidie.