Mbeta Nje ya Mlango

Mwaka ule tulipohamia kijiji kipya nilikuwa nimechoka mpaka nikawa nasali nimeegemea ukuta. Maji yalikuwa bondeni, kuni zilikuwa mbali, na shamba tulilopewa lilikuwa nyasi tupu, halijawahi kuonja jembe. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Mafinga. Anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka na lori la magogo. Nilikuwa namkaribisha, namfulia, namuaga. Na katikati ya hayo yote nilikuwa na watoto wa watu, kanisa zima, wenye makamasi na baridi, wote wananiita mama.

Watu waliiita shule ya vidudu. Haikuwa na nyumba yake. Siku za kazi tulikaa ndani ya kanisa, jioni wakaingia watu wazima kusoma, Jumapili ikawa ibada. Mabenchi yale yale, ubao ule ule, vumbi lile lile ninalofagia mimi.

Nilikubali kazi ile kwa sababu ya binti yangu mkubwa. Kabla ya vidudu, mama akienda shamba mtoto mdogo anabaki na dada yake, na dada yake anakosa shule. Binti yangu alipoteza karibu mwaka mzima amembeba mdogo wake mgongoni. Asubuhi alikuwa anasimama kando ya barabara anawaangalia wenzake wakipita na mifagio na vidumu vya maji vya shule. Haniombi kitu. Anasimama tu, anamtikisa mtoto. Siku tulipopewa kanisa nilimfungua ile mbeleko mwenyewe, nikamwambia nenda. Alikimbia bila hata kunawa uso. Nyumba nyingi ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo tukinyang'anywa chumba, wasichana wanarudi nyumbani, na wangu wa kwanza.

Mimi mwenyewe kusoma nilijifunza ukubwani, nimeshazaa watoto wanne, darasa la jioni, koroboi likitoa moshi. Tuliimba a e i o u mpaka koo zikakauka. Niliimba vizuri sana na sikujua ipi ni ipi. Siku moja chaki ziliisha, mwalimu akamwaga majivu kwenye ubao wa meza, akasema chora kwa kidole. Hapo ndipo herufi ziliponiingia. Kidole kilikumbuka kabla ya kichwa.

Basi bibi maendeleo wa wilaya alipotuita walimu wa vidudu semina Iringa mjini, akasema mtoto mdogo anajifunza kwa mikono yake, mimi sikubisha. Wenzangu walicheka, wakasema mikono ya mtoto inajua kuvunja tu. Alituonyesha vikombe vya plastiki vya rangi, vikubwa na vidogo, vya kupimia maji na mchanga. Tukavishika, tukavisifu. Halafu akavirudisha sandukuni, akafunga, akatutakia safari njema.

Nilirudi nikaanza na vilivyopo. Mume wangu aliniletea vipande vya mbao vilivyobaki kwenye msumeno, nikavisugua kwa jiwe visiwachome watoto. Tuliokota magunzi, vizibo vya soda, koni za misonobari. Udongo tulichimba bondeni, wakafinyanga ng'ombe, kuku, na lori la magogo lenye matairi mengi kuliko ya kweli. Wazazi walikuja kuchungulia, wakauliza, "Wanasoma saa ngapi?" Nikasema ndiyo wanasoma. Wakaondoka wanatikisa vichwa. Hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni vikombe.

Kwetu masika ni wakati wa ulanzi. Ncha ya mwanzi mchanga inakatwa asubuhi na jioni, na chini yake inatundikwa pingili ya mwanzi mkavu kukinga maji yanayotoka. Pingili hiyo ndiyo mbeta. Ukinywa ulanzi siku hiyo hiyo ni mtamu, tunaita mtogwa, hata mtoto anapewa. Ukiuacha ulale, unakuwa pombe ya kuangusha mtu mzima. Mbeta ziko za kila namna, ndefu, fupi, nene, nyembamba. Siku moja nikiwa natoka kuteka maji niliziona zimetundikwa nyuma ya nyumba ya mzee wa kanisa, nikaona vikombe vya bibi maendeleo.

Mke wake alinipa zile za zamani, amezifunga kwenye kitenge.

"Chukua, dada. Ila usiseme zimetoka wapi. Mzee hapendi isemwe kwake kuna mbeta."

"Na ile mianzi yenu inayoonekana mpaka barabarani?"

"Ile ya kujengea."

"Mtajenga ghorofa."

Tulicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Ni mara chache nilicheka hivyo siku zile.

Nilizisugua kwa majivu, nikazisuuza, nikaweka karai la maji katikati ya kanisa. Watoto hawakuhitaji kuambiwa. Walimimina mpaka mikono ikawa baridi kama samaki. Bila mimi kufundisha, walijua hii fupi inaingia mara ngapi kwenye ile ndefu, na kwamba ile nene inadanganya, inaonekana ndogo lakini inameza maji. Waligombana, wakapima upya, wakakubaliana. Sikuwahi kuwaona wanakubaliana juu ya kitu chochote.

Bila shaka walicheza walichokiona nyumbani. Kijana mmoja wa miaka mitano alikaa nyuma ya karai, amekunja miguu.

"Nipimie nusu, shemeji," akasema mwenzake, anayumba.

"Nusu hakuna. Kunywa kamili au nenda kwa mkeo."

"Mke wangu mkali."

"Ndiyo maana nakwambia kamili."

Nilikuwa nimeokoka tangu usichana, na kilabuni sijawahi kukanyaga. Nikageuka nikaangalia ukuta, nicheke peke yangu. Nikasema moyoni, Bwana, hawa wanapima, na ni maji.

Tatizo ni kwamba ulanzi niliujua kwa kuuona ukipita vichwani mwa watu. Nyumbani kwetu hakuna anayegema. Sikujua kuwa mgemaji haoshi mbeta, kwa sababu ile chachu iliyoganda ndani ndiyo inayochachusha ulanzi mpya. Majivu yangu hayakufika huko. Ijumaa ile watoto walimimina ndani ya mbeta uji wa ulezi uliobaki, wenye sukari. Niliuona. Mgongo ulikuwa unaniwaka, mtoto wangu mdogo analia, mvua inakuja. Nikazipanga kwenye kona, nyuma ya ngoma ya kwaya, nikasema nitaziosha Jumatatu.

Jumapili ilikuwa ya meza ya Bwana. Kanisa lilijaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Katikati ya sala ndefu ilianza kuja harufu. Kwanza kidogo, halafu waziwazi. Mama aliyekaa karibu yangu akaniinamia.

"Leo kuna mtu amekuja nayo mfukoni."

Watu walianza kumwangalia baba mmoja wa nyuma, anayejulikana. Yeye naye akawa anawaangalia wengine, amekasirika, maana kwa mara ya kwanza alikuwa hajanywa kitu. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua nikiwa nimefumba macho. Ibada ilipoisha mwinjilisti akaifuata harufu kama mtu anayefuata nyuki, akasogeza ngoma, na pale kona mbeta zimesimama, zinatoa povu.

Wazee wa kanisa waliwazuia watu wasitoke. Yule mzee mwenye mianzi ndiye alikuwa mkubwa wao. Akaniita mbele.

"Mama, hii ni nini?"

"Mbeta, mzee."

"Naona ni mbeta. Inafanya nini nyumbani mwa Bwana?"

"Watoto wanapimia, mzee."

"Wanapima nini?"

"Maji."

"Maji yenye povu?"

"Muujiza wa Kana umefika kwetu," akasema mtu wa kwaya, na vijana wakashindwa kujizuia.

Mzee mwingine alisimama, mkali. "Hakuna cha kucheka hapa. Watoto tumewatoa waje wasome, mama anawafundisha kilabu. Mwanangu nyumbani ananiambia nusu au kamili! Waingie kwenye mabenchi waimbe a e i o u kama watu. La sivyo, vidudu vifungwe, kanisa libaki kanisa."

Wengi waliitikia. Niliangalia mlangoni. Binti yangu alikuwa amesimama pale na mdogo wake. Alikuwa amembeba mgongoni, kama zamani. Labda mtoto alisinzia tu.

"Una neno, mama?" akauliza mwinjilisti.

Nilitaka kusema mambo mengi, ya semina, ya majivu, ya kidole. Uchovu ukayafuta yote. Nikasema, "Wazee wangu, ule ni uji wa ulezi umechacha. Kutoosha ni mimi. Lakini mtoto hapimi kwa mdomo. Nikiwaambia waimbe, wataimba. Mimi mwenyewe niliimba miezi mingi, na sikujua kitu."

"Nani alikupa hizi?" akauliza mzee wa mianzi.

"Nilipewa, mzee."

"Na nani?"

Kwenye mabenchi ya akina mama, mke wake alikuwa anaangalia pindo la kitenge chake.

"Na mtu anayewahurumia watoto," nikasema.

Akainama, akaokota mbeta moja, akamwaga povu dirishani, akaigeuza. Kila mgemaji ana alama yake, anaichonga kwa kisu kwenye kitako cha mbeta ili zisichanganyike na za jirani. Na hilo pia sikulijua, nililijua pale, kwa kumwangalia. Kidole gumba chake kilifika kwenye alama kikasimama. Akapitisha tena, polepole. Halafu akaiweka chini taratibu, kitako kikiangalia sakafu.

Watu wote wakamwangalia. Wakasubiri aseme. Yule kijana wa miaka mitano, aliyekaa miguuni pa mama yake pale mbele, akaona mtu mzima ameweka mbeta mbele yake na haongei.

"Babu, nikupimie?"

Hata mwinjilisti alikohoa akafunika mdomo. Mzee hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akavaa koti lake vizuri.

"Nyumba ya Bwana inaishia mlangoni," akasema. "Hizi zisivuke mlango. Na zisilale hapa. Mama azipeleke kwake jioni, azirudishe asubuhi, wapimie nje. Chumba wabaki nacho."

"Mzee!" akasema yule mkali.

"Nimesema nje. Tumsifu Bwana, twende tukale."

Binti yangu alikuwa ameshamteremsha mdogo wake, anamfunga viatu.

Sikushangilia. Nilihesabu tu kazi iliyoongezeka. Kila asubuhi, mtoto mgongoni, jembe begani, mbeta zimefungwa kwa kamba juu ya kichwa. Jioni tena. Nje hakuna baraza, kuna ukingo wa bati tu, na masika ya kwetu si mvua tu, ni ukungu unaolowanisha. Niliweka karai pale bati linapodondosha maji, angalau hayo sikuteka bondeni. Watoto walipima huku wanatetemeka, wanabanana ukutani, wakimaliza tunaingia ndani kwenye mbao na udongo. A e i o u tuliimba pia, kuwaridhisha wazee. Tuliimba tunachora kwenye majivu.

Kibaya ilikuwa njia. Kutoka kanisani mpaka kwangu lazima upite kilabuni, na mwanamke mwenye mbeta kichwani saa hizo za jioni anajulikana anauza nini.

"Kamwene, mama! Leo tamu au kali?"

"Jamani, mlokole amegeuka!"

"Mama mtumishi, nipimie na mimi, nina kiu ya rohoni!"

Siku za kwanza niliwajibu kwa maneno ya Mungu, wakafurahi zaidi. Nikaacha. Nikawa naitikia Kamwene, salamu yetu, napita. Shingo iliniuma mpaka usiku nikawa silalii upande wa kushoto. Kuna jioni nilifika nyumbani nikakaa mlangoni na mzigo uko bado kichwani, sina nguvu ya kuutua. Nilimwuliza Mungu kama aibu hii nayo ni ya kwake au ni ya wazee wa kanisa. Halafu nikainuka nikawasha moto.

Mzee wa mianzi nikikutana naye alikuwa anavua kofia, kitu ambacho hakuwa anafanya kwa wanawake. Hatukuongea zaidi ya salamu. Masika yalipokaribia kuisha nilikuta asubuhi, kwenye ukingo wa bati, mbeta mpya zimeegemezwa ukutani, hazijawahi kuguswa na ulanzi, zimekatwa ndefu na fupi kwa mpangilio. Nilizigeuza zote. Hazikuwa na alama.

Mzigo ukawa mzito zaidi, basi.

Jioni ile nilikuwa napandisha kilima taratibu, na watu wa kilabu wameshaanza, "Anakuja, anakuja, shikeni vikombe!" Nikasikia miguu nyuma yangu. Binti yangu alikuwa anatoka shule, mfagio mkononi, magoti yana vumbi. Akanipa mfagio, akajitwisha zile mbeta, akatangulia.

"Heee, binti naye! Nipimie basi, mwanangu!"

Akasimama. Mimi nilitaka kumwambia pita, usiwajibu.

"Ni za vidudu, baba," akasema. "Ukitaka kupimiwa, njoo kesho asubuhi kanisani ukae nje na wenzako."

Walicheka wao kwa wao, wakamgeukia yule aliyeomba kupimiwa. Binti yangu alishaendelea na safari. Nilimfuata nyuma, nimeshika mfagio, shingo yangu haina kitu.