Vijiko Vinne vya Asali ya Mzee

Juzi, kwenye kliniki ya kisukari hapa Karatu, mzee mmoja wa Ngorongoro alimnyooshea muuguzi kidole huku akitabasamu, ingawa kidonda chake cha mguuni kilikuwa kimegoma kupona.

“Mwanangu, uliniambia niache sukari. Tangu vuli sijaigusa!”

Muuguzi akamtoboa kidole, akapima damu, akaitazama mashine, akapima tena. Sisi wagonjwa wenzake kwenye benchi tukanyoosha shingo.

“Baba, sukari yako imepanda kuliko mwanzo. Chai unakunywaje?”

“Kwa asali ya msituni. Safi kabisa, haijapita kiwandani. Vijiko vinne.”

“Kwa siku?”

“Kwa kikombe.”

Mkewe, aliyeketi kando yake, akajifunika mdomo kwa shuka. “Mimi ndiye ninayemwekea. Nilidhani namtibu.”

“Mama, ikishaingia kwenye damu, asali nayo ni sukari. Tukiendelea hivi, mguu huu utakatwa.”

Mzee akautazama mguu. “Basi nitakunywa chai bila kitu,” akasema. “Ng’ombe hawachungwi kwa mguu mmoja.”

Tukacheka, lakini kwa sauti ndogo. Kisha muuguzi akaniita mimi, niliyekunywa chai ya asali asubuhi ile kwa ajili ya afya, nami nikaanza kuutafuta mlango.