Mkungu Nilioushindania Mnadani

Nilitamani sana kujua matajiri wanafikiri vipi. Usharikani kwetu Machame, Mzee Elia, mwenye mabasi na shamba kubwa la migomba, kila Jumapili hununua mkungu wa ndizi kwenye mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada. Wa nini? Nikaona siri ya utajiri imo humo.

Jumapili iliyopita nikashindana naye kupandisha bei, kifua mbele, hadi akacheka akaniachia. Nikalipa kwa hela ya pumba za ng'ombe, nikamfuata na mkungu begani.

“Shikamoo mzee. Siri yake nini?”

“Marahaba. Siri gani, mwanangu? Nazipenda tu ndizi za mkeo.”

Nikageuka. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, mikono kiunoni.

“Baba Neema, mkungu nilioubeba kichwani asubuhi kuuleta, ndio unaurudisha nyumbani? Na pumba ziko wapi?”