Daktari wa Magoti

Yotham alitoka chuoni na cheti kirefu kama mkeka wa msibani. Miaka mitano alifundishwa ini liko wapi na figo ni ngapi. Walisahau kitu kimoja tu, kidogo kabisa: mgonjwa akiwa mfungwa, unamtibuje. Basi wakampeleka gereza moja nje ya mji wa Mpanda, jina tuliache.

Siku ya kwanza waliingia wagonjwa arobaini, wote wamechuchumaa. Daktari akaandika: magoti. Siku ya pili, magoti. Mwezi haukuisha, dawa ya kuchua ikakauka mjini, mabibi wa mtaa wa Makanyagio wakabaki kusuguana kwa mawese. Nani angemwambia kwamba mfungwa huchuchumaa mbele ya kila afande, na yeye Yotham amevaa magwanda?

Mmoja wao, Révérien, mkulima wa mihogo, alikuwa na wiki ya sita anakohoa. Sajenti Ng'washi alisimama mgongoni mwake.

"Unaumwa wapi?" Yotham akamuuliza mgonjwa.

"Haumwi, Daktari," akajibu Sajenti. "Anakwepa shamba."

"Unatema damu?"

"Vumbi la mahindi hilo."

Yotham akashukuru kwa maelezo mazuri, akaandika: magoti. Révérien akakonda mpaka kivuli chake kikawa kinamsubiri njiani.

Nesi Gaudiose, aliyezeekea pale, akachoka kutazama. "Mwanangu, mbona unamhoji Sajenti? Mapafu yake mazima. Huyu mwingine unamzika lini?"

"Mama, chuoni hatukufundishwa kumtoa askari."

"Na mlango mlifundishwa ni kitu gani?"

Kesho yake Yotham alikaza sauti. "Afande, simama mlangoni. Umwone, usimsikie."

"Kanuni hairuhusu, Daktari."

"Basi baki. Nashuku kifua kikuu, na anayesimama mgongoni nampima pia."

Sajenti alifika mlangoni kabla neno halijatua. Wapo wanaosema alifika mjini, mtaa wa Kawajense.

"Simama, baba," Yotham akamwambia Révérien.

Akasimama, ameshika meza. "Damu natema, Daktari. Na selo yetu tunaotema tuko wanne."

Maabara ikasema ni kifua kikuu kweli, Révérien akaanzishiwa dawa. Selo nzima ikapimwa, Sajenti wa kwanza kwenye foleni.

Baadaye ikaja fomu ya kuuliza madaktari wanahitaji mafunzo gani. Yotham akaandika: kumtibu mtu asiye na ruhusa ya kusimama. Wakamwita semina siku tatu, chai na sambusa, akaonyeshwa ini liko wapi.

Aliporudi alimkuta Révérien zahanati anamaliza ugali wake na kuutolea macho wa jirani.

"Naona umepona, tamaa bado," Yotham akasema, akachukua kipimo cha kusikilizia kifua.

Sajenti akaelekea mlangoni, hajaambiwa.