Pazia Lililofungwa Mchana

Verna Pospisil alihamia nyumba inayotazamana na yangu mwezi wa Aprili, mwaka hamsini na tano, katika mtaa mpya nje ya Omaha ambako kila mti ulikuwa bado umefungwa kamba usianguke. Nyumba zetu zote mjenzi alizijenga kwa mchoro mmoja. Upande wa nyuma alitumia akili: madirisha ya vyumbani yalikuwa membamba, yamepandishwa karibu na dari ili mtu asionekane akivaa, na ya kibarazani yalikuwa ya vibao vya kioo unavyozungusha kwa mkono upepo uingie. Lakini mbele, sebuleni, alitubandikia dirisha moja la kioo kizima, kubwa kama ukuta, lisilofunguka. Nasikia madirisha hayo yalibuniwa ili watu watazame milima. Omaha hatuna milima, kwa hiyo tulitazamana wenyewe.

Dirisha hilo lilikuwa na sheria zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Katikati unaweka taa ya meza, upande wake mzuri uelekee barabarani. Pazia unalifungua asubuhi, kabla ya kahawa. Likibaki limefungwa hadi saa sita mchana, basi nyumba hiyo ina msiba, na wanawake wa mtaa wanawasha majiko.

Taa Verna alikuwa nayo. Nyuma ya taa hakuwa na kitu. Nyumba ilikuwa imemeza kila walichokuwa nacho yeye na mumewe Leland, na jioni walikula wamekalia makreti ya machungwa. Nilijua kwa sababu niliwaona. Wala sitasema macho yaliteleza tu. Nilisogeza kiti dirishani nikakaa.

Basi siku moja tulikuwa tunakunywa kahawa jikoni kwa Opal, jirani yangu wa mkono wa kulia, nami nikashindwa kuuzuia mdomo wangu.

"Mmeona kwa Verna lakini? Taa utadhani ya gavana, halafu baba mwenye nyumba kakalia kreti kama anauza mahindi kando ya barabara!"

"Maxine, acha bwana, utaniua!" Opal alicheka mpaka akashika mbavu.

Nilipogeuka, Verna alikuwa amesimama nje ya mlango wa wavu, kikombe kitupu mkononi. Alikuwa amekuja kuomba sukari.

"Samahani," alisema. "Nitarudi baadaye."

Hakuna aliyemfuata. Mimi nilimalizia keki yangu.

Kesho yake pazia lake halikufunguliwa. Ilipiga saa sita, ikapiga saa saba, limefungwa. Mtu mwenye akili timamu angejua sababu. Mimi nilijiambia ni msiba, tena niseme ukweli, nilitaka uwe msiba, maana msiba usingekuwa kosa langu. Nikaoka tambi na samaki wa kopo, nikavuka barabara.

Verna alifungua mlango kiasi cha uso wake tu. Macho yalikuwa mekundu.

"Pole, mdogo wangu," nilimwambia. "Nani tena? Ni mama?"

Akalitazama bakuli, akanitazama mimi. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Jamani! Alikuwa anaumwa?"

"Ghafla tu," alisema, akafunga.

Hadi jioni vyombo saba vilikuwa vimeingia nyumba ile. Chini ya kila kimoja kulikuwa na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, kama ilivyo desturi, ili kirudishwe. Yeye hakurudisha hata kimoja. Kurudisha chombo cha msiba ni lazima ukae, uulizwe marehemu alikuwa na miaka mingapi na amezikwa wapi. Alivificha kabatini, na pazia likabaki limefungwa. Kila nilipoliona niliinamisha kichwa, nikajiambia ni huruma.

Wiki tatu baadaye mama yake Verna akashuka kwenye basi.

Yaliyotokea jikoni alinisimulia Verna mwenyewe, miaka mingi baadaye. Mama huyo, Albina Hruska, alikuwa mwanamke wa shambani asiyeweza kukaa bure. Alifungua kabati akitafuta sufuria, akakuta vile vyombo. Akageuza kimoja, akageuza cha pili.

"Maxine. Opal. Jeanette. Verna, hivi ni saba! Kafa nani?"

Verna alifunga mlango wa kabati.

"Ni Leland? Si uliniambia yuko kazini? Sema basi mwanangu, moyo unanienda mbio."

"Ni wewe, mama."

Akamweleza yote, kreti kwa kreti. Albina akavipanga vyombo vyote saba mezani. Halafu akauliza kama kuna unga.

Asubuhi iliyofuata mlango wangu ukagongwa. Mbele yangu alikuwa amesimama mama mfupi, leso ya kichwa imefungwa chini ya kidevu, ameshika bakuli langu. Lilikuwa limesuguliwa hadi linang'aa, na ndani alikuwa amepanga kolache, vimkate vya jamu ya plamu, vingali vya moto.

"Mimi ni Albina, mama yake Verna. Nimekuletea chombo chako."

"Mama, sisi tuli... tuliambiwa..."

"Najua. Nilikufa ghafla." Hakucheka, wala hakukasirika. "Mwanangu anasema tambi zako zilikuwa tamu. Asante."

Kisha akachungulia nyuma yangu, akakiona kiti changu, bado kipo pale dirishani. Akageuka kutazama ng'ambo, kwa mwanawe.

"Kumbe kutoka hapa panaonekana vizuri," alisema. Akaenda nyumba ya pili na chombo cha pili.

Adhuhuri ile ile pazia la Verna lilifunguliwa lote, mpaka mwisho. Walikuwa wamekaa wawili juu ya makreti, taa katikati yao, wanakunywa kahawa mbele ya mtaa mzima. Verna alikuwa ameinamisha uso, lakini alikaa. Albina aliponiona aliinua kikombe kunisalimu.

Aibu iliyonishika sijawahi kuipata tena. Niliinuka, nikavuta pazia langu, nikakaa gizani na vile vimkate mapajani. Sikula hata kimoja. Kesho yake sikuweza kulifungua. Keshokutwa pia sikuweza.

Siku ya tatu mlango ukagongwa. Alikuwa Opal, vitambaa mikononi, amebeba bakuli linalotoa moshi.

"Maxine, shoga yangu, pole," alisema. "Nani?"

Mama yangu alikuwa mzima kabisa, kule Lincoln. Ndiye aliyenijia mdomoni wa kwanza.