Jiwe Moja Lilitazama Nyuma

Kosa ni langu, na nimelificha hadi leo, huku nikiitwa fundi kila nipitapo mtaani kwetu Langoni. Kazi yangu hasa ni kushona kofia. Ufundi wa redio niliupata siku nilipomfungia mtu waya wa eriali ukashika, basi. Watu wakaanza kuniita fundi, nami sikukanusha.

Jirani yangu Bi Mwanaesha, mjane, alikuwa na redio ndogo mpya aliyoletewa na mwanawe Bakari, aliye masomoni ng'ambo. Miaka minne hajaisikia sauti yake. Ikaja barua, nikamsomea mimi maana yeye hasomi, na majibu pia humwandikia mimi: Ijumaa hii, saa kumi na nusu alasiri, Bakari atatoa salamu redioni kwa kinywa chake mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa ile nikayatoa mawe ya redio, yaani betri, nikayaanika uani yapate nguvu ya jua, kama tufanyavyo sote. Baada ya sala nikayarudisha. Nikawasha. Kimya.

"Mwanangu, tizama mawe kwanza," akasema Bi Mwanaesha.

"Mawe nimeyatia mimi, Bi."

Kesi ikafungwa hapo. Nikashuku kila kitu isipokuwa mkono wangu. Nikapanda paani kunyoosha eriali. Nikapuliza vumbi. Nikasugua kutu kwa ndimu. Mwisho nikaifungua mgongo kwa kisu, nikavuta nyaya mbili ambazo sura yake sikuipenda, zikakatika. Bi yuko na tasbihi yake, kila mara aniuliza saa ngapi.

Saa kumi na nusu ikaja, ikapita.

Alipokwenda jikoni kunichemshia kahawa, maskini, kwa kunihurumia jasho, ndipo nikafungua kifuniko cha mawe. Jiwe moja nimelitia kinyume, kichwa huku, mkia kule. Nikaligeuza haraka haraka kama mwizi. Lakini nyaya nilikuwa nimeshazikata.

"Bi, redio hii imekufa kwa uzee," nikamwambia. Redio haijatimiza mwaka, jamani!

"Ni amri ya Mungu," akajibu, akanimiminia kahawa. Nikainywa. Nikaomba na tende.

Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine, na msomaji ni mimi yule yule. "Mama, nimemshukuru fundi wetu kwa jina lake redioni, maana bila yeye usingenisikia. Je, ulinisikia?"

Bi akajifuta mato kwa ncha ya leso.

"Mwandikie nimemsikia," akasema. "Mwambie sauti imekuwa nzito, kama ya babake. Asije akahuzunika huko nti za watu."

Nikaandika, kwa mkono huu huu.

Basi nawe unayejiita fundi, kitu kikikataa kuwaka, anza na ulichokigusa wewe mwenyewe. Na mwenye kitu akikwambia tizama mawe, tizama mawe. Mimi nilikuwa na alasiri nzima ya kutizama, na mama wa watu alitaka dakika mbili tu.